Ndege Iliyoogeshwa kwa Maua

Mdogo wangu Ngadiman hakuwa seremala. Naanza na hilo kwa sababu siku tuliyomzika, mkuu wa kijiji alisimama kando ya kaburi, akakohoa, akasema marehemu alikuwa seremala hodari, vitanda vyake havikuwahi kulia hata kimoja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mie nikasema kwa sauti, "Seremala babu yako!" Mwanangu akanivuta nguo, eti Mama, haya ni mazishi. Najua ni mazishi. Nilikuwa namzika ndugu yangu, sikuwa namzika seremala.

Ngadiman alikuwa mhandisi wa ndege. Alikaa chini na penseli akahesabu upepo kiasi gani utabeba mbao kiasi gani, na mbao zikapaa. Hapa hapa Kediri, nyuma ya kiwanda cha sukari, mwaka ambao hata msumari mpya ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Tunaoijua habari hiyo tumebaki wawili. Mmoja ni mimi, na mwenzangu, bwana mkubwa nitakayemfikia, kajitia hamnazo. Kwa hiyo nitasema mimi, na asiyetaka kusikia azibe masikio yake.

Baba yetu alikuwa akiendesha mkokoteni wa miwa. Alipokufa, Ngadiman alikuwa na miaka tisa na mimi kumi na minne. Mama akampeleka mtoto nyumbani kwa mkuu wa wilaya, akae kule kama walivyokaa watoto wengi wa maskini wa Java: unafagia ua, unachota maji, unabeba viatu vya wenyewe, nao wanakulisha na kukusomesha. Bibi mkubwa wa nyumba ile tulimwita Ndoro Putri, na mwanawe, Raden Kuntoro, yaani bwana mdogo Kuntoro, Den kwa kifupi, alikuwa rika moja na Ngadiman. Basi asubuhi Ngadiman anambebea Kuntoro mkoba hadi shule, anaketi dawati la nyuma, na jioni anamfanyia hesabu zake. Kuntoro mwenyewe alikuwa akilisema hilo ukubwani mbele za watu, anacheka mpaka machozi: "Man, bila wewe mie ningekuwa darasa la tatu mpaka leo!" Watu wanacheka. Ngadiman naye anacheka. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha pale.

Nisimdhulumu yule bibi, alimtunza. Ndiye aliyemtahirisha kwa heshima, na saruni mpya na sinia la wali wa manjano. Mtoto alipougua homa ya matumbo, Ndoro Putri alikaa kando ya mkeka wake siku nne akimpa uji kwa mkono wake mwenyewe, mkono ambao haukuwahi kushika hata mwiko. Ngadiman hakusahau kijiko kimoja cha uji ule. Na hicho ndicho kilichommaliza.

Kutoka shule ya ufundi akaenda Bandung, kwenye karakana ya uwanja wa ndege wa Waholanzi. Wakamweka kuchora. Kuchora tu; kuhesabu walihesabu wao, wazungu, nyuma ya mlango wa kioo. Jioni walikuwa wakikunja karatasi zao za hesabu na kuzitupa kwenye kapu la taka, na Ngadiman alikuwa akizichukua. Alizipeleka chumbani kwake, akazinyoosha kwa pasi ya mkaa moja moja kama mtu anayepiga pasi shati la sikukuu, kisha akazisoma. Miaka mitatu alisoma taka. Akajua boriti ya bawa inapinda vipi, kiwiliwili kinavutwa wapi, mkia ukiwa mzito gramu ngapi ndege inakaa vibaya. Akajipatia na rula ya kuhesabia, ile yenye ulimi unaoteleza katikati, kioo chake kimevunjika. Siku moja akaona kosa katika hesabu ya mzungu. Akaweka kinukta cha penseli kando yake, kidogo kama kinyesi cha nzi, akairudisha karatasi mezani. Kesho yake kosa likawa limesahihishwa. Hakuna aliyeuliza kinukta kimetoka wapi.

Akaja Mjapani, akaondoka. Tukatangaza uhuru wetu, Waholanzi wakarudi na bunduki na kufunga bandari zote. Petroli hakuna, injini hakuna, na vijana wetu wanataka kuruka. Ndipo Kuntoro alipotokea Yogya, kwenye serikali yetu mpya, na barua yenye mihuri miwili: yeye ndiye mkuu wa karakana mpya ya ndege. Mahali alipofikia kwanza ni kwetu Kediri, Ngadiman alikokuwa amesharudi, hata koti hajavua.

"Man, unaweza kutengeneza ndege isiyo na injini?"

"Naweza, Den. Nipe miezi saba na maziwa."

"Maziwa ya nini, una mtoto mchanga?"

"Ya gundi, Den."

Na kweli, gundi ile ilitengenezwa kwa maziwa yaliyoganda na chokaa. Ikikauka inashika mbao mpaka mbao ipasuke kabla yake. Sokoni walitucheka wee, na ile Pak yao, yaani bwana! "Pak Man, ndege yako ikisikia njaa itajilamba?" Mwingine anasema, "Watoto wanakosa maziwa, yeye anawanywesha mabanzi." Ngadiman anamjibu yule mama taratibu, "Mabanzi hayalii, Bu." Hapo hapo anaendelea na safari yake.

Tulipewa ghala la sukari lililokuwa tupu tangu vita, na sisimizi wake wote. Mimi nilikuwa mkubwa wa washonaji, wanawake kumi na mmoja, tunavika mabawa kitambaa. Alikuwa akija na rula yake kupima mishono yangu. Mishono yangu mimi, Mbakyu wake, dada yake mkubwa!

"Mbakyu, hapa umeruka."

"Ruka wewe! Nimekufuta kamasi mimi, leo unanipimia uzi?"

"Ndiyo, Mbakyu, umenifuta kamasi. Lakini hapa umeruka."

Nikafumua. Nilimtukana huku nafumua, lakini nilifumua, kwa sababu mshono ulikuwa umeruka kweli. Ndivyo alivyokuwa. Hapandishi sauti, na haondoki mpaka kitu kiwe sawa.

Ukutani aliandika kwa chaki, herufi kubwa kama za duka: GUNDI HAIPENDI MAJI. Mvua ikianza tulikuwa tukikimbia na masufuria kukinga matone ya paa, kila mtu, hata mpishi. Mabawa yalipokamilika aliyageuza juu chini, akapanga magunia ya mchanga juu yake. Alihesabu kwamba yatabeba arobaini. Yakabeba arobaini, na la arobaini na moja pia, na Legowo, kijana aliyechaguliwa kuirusha, akapanda juu ya magunia akacheza ngoma mpaka Ngadiman akamwambia ashuke, mtoto hana adabu. Nimewaambia hayo ya magunia ili muyashike. Bawa lilikuwa zima. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Ukaingia mwezi wa Suro, mfunguo nne. Huo ndio mwezi wa kuogesha vitu vya urithi: majambia ya mababu, mikuki, magari ya farasi ya masultani, vyote vinaoshwa kwa maji ya maua ili baraka zisikauke ndani yake. Ngadiman alikuwa amekwenda Blitar siku tano kutafuta bolti za kufungia mabawa. Shina la kila bawa, pale linapoungana na kiwiliwili, tulikuwa tumeliacha wazi bila kitambaa, linasubiri bolti hizo. Siku ya tatu ya safari yake, dokari ikasimama mlangoni, akashuka Ndoro Putri na mitungi saba, maji ya chemchemi saba, na sinia za waridi, asumini na langilangi. Kuntoro akafungua milango yote miwili.

"Ndege hii ni urithi wa taifa," akasema. "Haiwezi kupita Suro bila kuogeshwa."

Nisikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapojichukia. Mtu yeyote katika ghala lile ungemuuliza kama ndege iloweshwe, angekuruka kimo cha mbuzi. Kila siku tulipita chini ya maandishi ya chaki. Kila siku tulikinga matone kwa masufuria. Lakini yale hayakuwa maji kwetu! Yalikuwa baraka. Hakuna hata mmoja aliyetazama ukutani. Ndoro Putri akamwaga kwa kata ya nazi, puani, mgongoni, kwenye mashina ya mabawa, anasoma dua polepole, na mtu aliyemshikia beseni ni mimi, Ponirah, kwa mikono hii. Nilikuwa nalia kwa furaha. Mitungi yote saba ikaisha.

Ngadiman aliporudi, hata mkoba hajautua, akasimama ananusa.

"Mbona kunanukia?"

"Ndoro Putri alikuja kubariki," Kuntoro akasema.

"Kubariki vipi, Den?"

"Kunyunyiza tu, Man. Matone."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nikasikia "matone". Nikanyamaza. Sikuona kwamba ni uongo wa maana. Niliona Raden anaongea na msaidizi wake, na mimi mshonaji sina la kuongeza. Ngadiman akapapasa mbao kwa nje, zimekauka. Tukafunga bolti, tukavika kitambaa, tukapaka rangi ya kukikaza. Tukayafungia maji yale humo ndani, na nje mvua inanyesha kila jioni.

Siku ya tisa tangu kuogeshwa, Ijumaa asubuhi, lori likaivuta kwa kamba ndefu. Ikapanda. Weee, jamani, ikapanda! Ilifika kimo cha mnazi, ikapita, ikafika kimo cha minazi mitatu, na watu wanapiga kelele, na mie nampiga Ngadiman mgongoni kwa ngumi. Kisha kikasikika kishindo kama mwanzi unaopasuka, na bawa la kushoto likakunjika. Legowo tulimtoa hai, paja limevunjika mara mbili, anaomba radhi. Mtoto wa watu ameanguka kutoka mbinguni, anaomba radhi kwa kuharibu ndege.

Kesho yake nilikwenda kwenye mabaki kuokoa kitambaa, maana kingine tusingepata. Nikachana pale kwenye shina la bawa la kushoto. Mbao hazikuvunjika. Zilikuwa zimeachana, safi, boriti huku na kiungo kule, na katikati yake gundi nyeupe, laini kama tahu, ile soya iliyogandishwa, inanuka maziwa yaliyolala. Na ndani ya gundi, yamelala bapa, majani matatu ya ua la langilangi na moja la waridi.

Nikaketi kwenye majani. Nilibaki pale mpaka jua likanichoma. Halafu nikachukua kipande kile cha mbao, nikakifunga kwenye kanga, nikampelekea Ngadiman nyumbani. Alikuwa ameinamia karatasi zake, anarudia hesabu kwa mara ya kumi na ngapi sijui, macho mekundu. Nikamwekea mbao mezani, nikamwambia yote: mitungi saba, kata, beseni, mikono yangu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alilibandua jani la langilangi kwa ncha ya penseli, akalitazama.

"Kwa hiyo hesabu ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa sawa! Sasa inuka, wajumbe kutoka Yogya wanafika kesho. Uwaonyeshe."

"Mbakyu, usimwonyeshe mtu."

"Ati nini?"

"Den Kuntoro kaja hapa asubuhi. Kaniomba niseme kosa ni langu, hesabu ya mpindo. Kasema mama yake akidhani hata kidogo kwamba matone yake ndiyo yaliyomwangusha mtoto wa watu, atakufa."

"Na afe! Ana miaka sabini!"

"Alinipa uji kwa mkono wake, Mbakyu."

"Na mimi nimekupa wangu! Wali, mihogo, mgongo wangu wa kukubeba! Mbona kwangu hujawahi kujitia kitanzi?"

Akaliweka jani la langilangi juu ya karatasi zake. Kisha akanieleza, kwa utaratibu ule ule wa kupimia uzi, kwamba ameshapiga hesabu zake. Ndege ya pili mbao zake ziko tayari, na Legowo akipona ndiye atakayeirusha. Kuntoro ameapa kwamba hiyo haitaguswa na tone la maji, atamzuia mama yake kwa kisingizio chochote. Basi Legowo atakuwa salama, bibi atakuwa salama, na kitakachopotea ni jina la Ngadiman, ambalo tangu hapo, alisema, ni jina la kijijini tu. Nilitamani nimpige na ile mbao.

Wajumbe watatu wakaja, wakaketi nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyeuliza habari za magunia arobaini na moja. Ngadiman akasema kosa ni lake. Akatia sahihi. Kuntoro akamshika bega mbele yao, akasema, "Tusimlaumu sana, amejitahidi kwa elimu yake." Kwa elimu yake! Mimi nilikuwa nje dirishani, na ile mbao kwenye kanga, na mdomo huu mnaousikia niliufumba, kwa sababu mdogo wangu alinishika mkono akaniomba. Wakamwondoa siku ile ile, na akakatazwa kukanyaga ghala.

Ndipo alipoanza vitanda. Mtu aliyejua uzito wa upepo anaranda miguu ya vitanda! Na watu hawana huruma. Anapita na kiti begani, wanamwuliza, "Pak Man, hicho nikikikalia kitanishusha salama?" Wengine walimwita Pak Anguka. Mama wa Legowo alitema mate njiani alipomwona, na Ngadiman hakumlaumu. Alikuwa akirudi nyumbani, anakula, anakaa na randa yake mpaka giza liingie, na ukimwuliza neno anajibu nusu. Mimi niliendelea kushona ghalani. Nilibaki kwa sababu yake. Nilitaka mishono ya ndege ya pili isiruke hata mmoja.

Ndege ya pili ikakamilika mwezi wa Mulud, mwezi wa Maulidi. Legowo alikuwa anatembea, anaburuta mguu kidogo, na anahesabu siku kama bwana harusi. Safari hii Kuntoro mwenyewe ndiye aliyeamuru mashina ya mabawa yaachwe wazi mpaka mwisho. Nilimwuliza sababu. Akaniambia nishone. Jumanne, Ndoro Putri akaniita nyumbani kwake nimpindie kitambaa cha kufunikia sinia. Nilipofika barazani nikakuta wasichana watatu wanachambua maua. Waridi. Asumini. Langilangi.

Nikaketi mkekani.

"Ndoro, maua haya ni ya nini?"

"Ya Alhamisi. Ya yule mtoto wa pili. Hakuogeshwa Suro, maskini, tumwogeshe Mulud."

"Den Kuntoro anajua?"

"Si ndiye aliyekwenda kuagiza mitungi?"

Basi hapo uzi ukakatika. Nilisahau kwamba Ngadiman aliniomba, nilisahau niko baraza la nani. Nikamwambia yote. Nikamwambia maji yake yaliingia kwenye gundi, gundi ikaoza, bawa likaachia, mtoto akavunjika paja, na mdogo wangu akabeba mzigo ule ili yeye asiumie roho. Nilijua namuua bibi wa watu, na nikasema vile vile.

Ndoro Putri hakushtuka. Alichukua ua la asumini, akang'oa kikonyo, akaliweka kwenye sinia.

"Najua, Pon. Kuntoro aliniambia jioni ile ile."

Akachukua ua jingine.

"Ngadiman ni mtoto mzuri," akaendelea. "Anajua mahali pake. Na sisi tumejifunza: safari hii tutamwaga mitungi mitatu tu. Kuiacha kavu kabisa haiwezekani, watu watauliza mbona ile ya kwanza ilioshwa na hii haikuoshwa. Wataanza kufikiri."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimezika mume na ndugu, na bado sijasikia jambo la kunichefua kama lile. Alijua! Mdogo wangu amejizika akiwa hai ili bibi asijue, na bibi anajua tangu machweo ya siku ya kwanza, anakula, analala, anachambua maua. Na ili watu wasianze kufikiri, yuko tayari kumlowesha Legowo mara ya pili. Kidogo tu. Mitungi mitatu.

Nilitoka mbio. Ngadiman alikuwa uani kwake anaranda ubao wa kitanda cha arusi. Nikamwambia neno kwa neno, namkatia katikati kwa matusi ambayo sitayarudia. Randa ikasimama. Akauliza jambo moja tu.

"Mitungi mitatu, kasema?"

"Mitatu."

Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza ya kazi, akatoa chupa nne za mdomo mpana. Mie nilidhani ni achari. Kumbe katika kila chupa kuna vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi ya maziwa, vilivyokwisha kuloweshwa maji ya maua. Kwenye vifuniko ameandika tarehe. Tangu siku aliyofukuzwa alikuwa akipima! Loweka saa moja, kausha, fungia kwenye kitambaa, ngoja siku tatu, siku sita, siku tisa, vuta kwa gunia la mchanga, andika. Amenyang'anywa kazi, ametemewa mate, na bado alikuwa anaifanya, chini ya meza, peke yake. Nililia kwa hasira, nikamwita mjinga. Akasema, "Ndiyo, Mbakyu. Hebu nishikie hii."

Alhamisi asubuhi ghala lilijaa. Wanawake wangu kumi na mmoja, mafundi, Legowo katika nguo nyeupe, Kuntoro na kofia yake, Ndoro Putri kwenye kiti cha mikono na mitungi mitatu miguuni. Ngadiman akaingia kwa mlango mkubwa aliokatazwa, amekumbatia chupa ya siku tisa. Nilikuwa nyuma yake. Kuntoro akaona, uso ukabadilika rangi.

"Man, si leo. Tutazungumza."

Ngadiman hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Legowo, akafungua chupa, akampa mbao mbili zilizoshikana.

"Vuta."

"Kwa nguvu, Pak?"

"Vuta tu."

Legowo akavuta. Ziliachana mkononi mwake kama ganda la ndizi linavyoachana na ndizi, na gundi nyeupe ikamdondokea kiatuni, na jani la langilangi likabaki limenata kidoleni. Akalitazama jani. Akatazama mitungi. Akashika paja lake, nadhani bila kujua.

"Ndiyo hiyo iliyokuangusha," Ngadiman akasema. "Hesabu yangu ilikuwa sawa. Nilisema uongo mbele ya wajumbe. Maji yakimwagwa leo, usipande."

"Den," Legowo akasema polepole, "ulikuwa unajua?"

Kuntoro akamtazama mama yake.

Ngoja nimalize habari ya ndege kwanza, maana najua ndiyo mnayoitaka. Haikuogeshwa. Iliruka Jumatatu, kavu kama ukuni wa kiangazi, na Legowo akakaa hewani dakika kumi na moja, akashuka kwa miguu yake. Aliendelea kurusha ndege maisha yake yote na alikufa mzee, kitandani. Cheti cha pongezi alipewa Kuntoro. Karatasi aliyotia sahihi Ngadiman haikufutwa. Waliambiana kwamba kuifungua upya kungeleta fedheha kwa familia. Desemba ya mwaka ule Waholanzi wakaingia mjini, ghala likaungua na kila kilichokuwa ndani. Ngadiman hakuchora tena ndege, hakuna aliyemwita, akaranda vitanda miaka thelathini na minane mpaka alipofariki. Nimewalaani wote kwa majina na bado sijachoka.

Lakini nilikuwa nasema habari ya pale ghalani. Kuntoro bado anamtazama mama yake, na watu wameanza kunong'ona, Ndoro Putri alipoinua mkono. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile ile ya nyumbani.

"Ngadiman. Umesimama mbele yangu. Chuchumaa."

Kwetu mtu wa chini haongei na bibi mkubwa akiwa wima. Anashuka, anakunja mikono, kichwa kinakuwa chini ya chake. Hufikirii. Ulifundishwa kabla hujajua kusema. Ghala lote likashuka kama nyasi zilizopitiwa na upepo, mafundi, wasichana wa maua, hata Legowo ameunyoosha mbele ule mguu mbovu.

Ngadiman alibaki wima na chupa yake kifuani.

"Niwie radhi, Ndoro," akasema. "Leo niko kazini."

Nikataka kumtazama usoni, maana sikuwahi kumsikia akisema hivyo na mtu, na nikaona nainua shingo sana ili nimwone. Ndipo nilipojua. Mimi Ponirah, niliyetukana siku mbili mfululizo, mwenye mdomo unaoogopwa soko zima, nilikuwa chini pamoja nao, nimechuchumaa, mikono nimeikunja kwa adabu.